Keti Kwanza, Upige Hesabu: Ushuhuda wa Boma Langu Hapa Masoko



Jumapili ya tarehe 7 Septemba mwaka huu wa 2025 macho ya vijana wengi Wakatoliki yalikuwa Roma. Siku hiyo Baba Mtakatifu Leo XIV aliwatangaza watakatifu wawili vijana kama sisi, Pier Giorgio Frassati na Carlo Acutis. Hapa parokiani simu zilijaa picha zao tangu alfajiri, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliozituma. Lakini Injili iliposomwa, Roma ikaniondoka kabisa kichwani.

Ilikuwa Jumapili ya 23 ya Mwaka C, Luka 14, mstari wa 25 mpaka wa 33. Mnaikumbuka. Yesu anaugeukia umati unaomfuata, anawauliza: kuna nani kati yenu akitaka kujenga mnara haketi kwanza akapiga hesabu, aone kama anazo za kumalizia? Maana akishaweka msingi halafu mambo yakamkwamia, kila apitaye atamcheka.

Nilikuwa nimekaa benchi la tatu kutoka nyuma. Aisee, nilijiinamia. Kwa sababu wengi waliokuwa mle kanisani wanalijua boma langu. Linaonekana kutoka barabarani. Watoto wa mtaa wamelitumia kama goli, mbuzi wamejihifadhi humo mvua ikinyesha, na mtu mmoja aliwahi kuniuliza kwa upole kabisa kama yale ni magofu mapya ya Kilwa au bado ni nyumba. Mwenzenu nilicheka naye, nikaenda kulala na hasira.

Naomba leo niwasimulie habari za boma hilo. Najua wengi mnaosoma hapa mko kwenye umri huo huo, miaka 25, 30, 33, mmenunua kiwanja au mnakitafuta, na kila mtu nyumbani anawauliza "umefikia wapi?"

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwetu ni Masasi, kazi ilinileta Kilwa Masoko mwaka 2018. Mwaka 2020 nikapata kiwanja, 20 kwa 20. Februari 2021 nikamwita fundi, mzee mmoja mzaliwa wa Kivinje, mtu wa swala tano na maneno machache. Tukaketi juu ya jiwe palepale kiwanjani, tukaandika kwenye daftari la mwanafunzi. Vyumba viwili, sebule, jiko, choo cha ndani. Saruji mfuko mmoja 14,500. Matofali tungefyatua wenyewe, 1,600 ya nchi sita, mfuko mmoja kutoa 32, kwa hiyo mifuko 50. Bati geji 28, vipande 62, kila kimoja 24,000. Tukateremka hivyo mpaka chini ya ukurasa: 19,400,000. Nikapiga mistari miwili chini ya hiyo jumla kama ninavyowafundisha wanafunzi.

Nikampigia simu mchumba wangu. Yeye ni muuguzi, yuko Nachingwea. Nikamwambia tukibana matumizi, miaka mitano tunahamia, na ndoa tunafunga mara tu baada ya kupaua. Nilikuwa na furaha, jamani, msinicheke.

Yule mzee alikuwa anafuta vumbi kwenye futi yake. Akasema, "Mwalimu, hii ni bei ya leo. Ya kesho hatujaiona." Nikamwitikia "ni kweli, mzee," kama mtu anavyoitikia salamu.

Basi kesho ikaja. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vikaanza, na kufikia Mei lita ya petroli ikavuka shilingi 3,000. Unaweza kujiuliza vita vya Ulaya vinahusiana vipi na choo cha mwalimu wa Kilwa. Vinahusiana hivi: karibu kila kitu cha dukani hapa kinashuka na lori kutoka Dar es Salaam mpaka Nangurukuru, ndipo kinakata kona kuja baharini. Lori likinywa mafuta ya bei mpya, nondo nayo inakuja na bei mpya. Halafu mji wetu ukapata bandari ya uvuvi. Mkataba ulisainiwa Juni 2022, na Septemba 2023 Rais Samia akaja kuweka jiwe la msingi. Ni baraka kwa mji huu, silalamiki. Ila mradi mkubwa unataka kokoto zilezile, malori yaleyale, na vibarua walewale ninaowataka mimi mwenye vyumba viwili. Vijana walionifyatulia matofali 2021 sikuwapata tena kwa bei ile. Na mwenye nyumba niliyopanga akaona wageni wanaingia mjini, akapandisha kodi. Kodi ya chumba haikuwa kwenye daftari la ujenzi, lakini ndiyo iliyokula fedha ya ujenzi.

Saruji niliyoandika 14,500 mwaka 2021, mwaka 2023 niliinunua 17,500. Ukigawa vizuri, ni kama asilimia 10 kila mwaka. Redioni nikawa nasikia mfumuko wa bei wa mwaka 2022 ulikuwa wastani wa asilimia 4.3 na wa 2023 asilimia 3.8, nikadhani mwenye duka ananiibia. Hapana. Mfumuko unaotangazwa unapimwa kwa kapu zima la matumizi ya watu: unga, nauli, nguo, dawa. Anayejenga halishi familia saruji na nondo, lakini fedha yake yote inaenda huko. Kapu lake ni jingine. Kwa miradi mikubwa Baraza la Taifa la Ujenzi hutoa takwimu za kufuatilia mabadiliko ya bei za vifaa, na wapo wataalamu wanaosomea kazi hiyo, wakadiriaji majenzi, wenye bodi yao ya usajili. Sisi wa vyumba viwili tunafanya kwa daftari na imani, na imani yenyewe siyo ile ya kitheolojia.

Ngoja niwape hesabu moja niliyoijua nikiwa nimeshachelewa. Tuseme nyumba yako imebakiza kazi ya milioni 9 kwa bei za leo, na uwezo wako ni kuweka 250,000 kwa mwezi, yaani milioni 3 kwa mwaka. Kichwani unasema miaka mitatu. Sasa weka asilimia 10 ya kupanda kila mwaka. Mwaka wa kwanza umefanya kazi ya milioni 3, zimebaki 6. Lakini zile 6 mwaka unaofuata ni 6,600,000. Unatoa 3, zinabaki 3,600,000, mwaka wa tatu zimekuwa 3,960,000. Unatoa tena 3. Zimebaki 960,000, nazo mwaka wa nne zinadai 1,056,000. Miezi 36 imekuwa 40 na kitu, na umelipa zaidi ya milioni moja ambayo hukuiona popote kwenye daftari. Hapo hujaugua, hujafiwa, na mdogo wako hajaomba ada.

Kwa hiyo siku hizi kila bei ninayoandika naiwekea tarehe pembeni. Bei isiyo na tarehe ni uvumi tu. Na siandiki tena "nyumba" kwa jumla. Naandika hatua: msingi, kuta mpaka lenta, kupaua, plasta, sakafu. Hatua moja ikikamilika inaweza kusubiri bila kuharibika. Msingi uliojazwa na kushindiliwa vizuri unavumilia. Kuta zilizofungwa lenta zinavumilia kiasi. Ila kenchi za mbao zilizosimama bila bati mvua ya masika inazimaliza, na hapo unalipa mara mbili. Wako wanaosema dawa ya bei kupanda ni kununua mapema na kuweka stoo. Kwa nondo na bati sawa, kama una mahali pakavu. Kwa saruji usithubutu, hasa huku pwani: hewa ya bahari inaingia kwenye mfuko, na baada ya miezi michache unafungua unakuta jiwe. Wala usidanganywe na mchanga wa ufukweni kwa kuwa ni wa bure. Chumvi yake itaila nondo yako polepole ukiwa umeshahamia. Kuna kibali cha ujenzi cha halmashauri, kofia za bati, misumari, maji ya kumwagilia ukuta, chai ya vibarua. Vyote hivyo havikuwa kwenye ukurasa wetu. Fundi hakunificha. Mimi ndiye sikutaka jumla ipite 20,000,000, kwa sababu ikipita ningeogopa kuanza.

Ndugu yangu, hapo ndipo Injili inaponibana. Yesu hasemi tu hesabu. Anasema keti. Aliyeketi ametulia, anaweza kusikia jibu asilolipenda. Mimi nilikuwa napiga hesabu nimesimama, mguu mmoja umeshaingia kwenye msingi.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo nimeifuta mara tatu kabla ya kuiacha.

Aprili 2024 kuta zilikuwa zimefika, kenchi zimepanda, zimebaki bati. Mwenye duka mmoja wa Dar es Salaam akaniambia bati lile lile la 24,000 sasa ni 29,500, na mzigo unaofuata utakuwa 32,000. Bati 62 kwa 29,500 ni 1,829,000. Mimi nilikuwa na 1,349,000. Zinapungua 480,000. Na masika yamekaa juu ya kenchi zangu.

Mimi nilikuwa mhazini wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Michango ya wagonjwa na misiba tulikuwa tunaiweka kwenye laini moja ya simu, na laini ile ilikaa kwangu. Ilikuwa na 530,000 na kitu. Usiku wa Jumatatu moja, saa nne hivi, nikatuma 480,000 kwa mwenye duka. Nikajiambia ni wiki mbili, mshahara ukiingia narudisha, hakuna atakayejua, tena ni busara kwa sababu bei inapanda. Angalieni hapo: nilitumia neno "busara". Nikasali Baba Yetu, nikalala.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikatua pwani yetu. Mvua ile walioiona hawatanibishia. Barabara ya kutoka Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, malori yakajipanga pande zote mbili, na bati zangu zikiwa ndani ya mojawapo. Huku mtaani, familia moja ya jumuiya yetu ukuta wa nyumba yao ya udongo ukaanguka. Mama na watoto wanne wakalala kwa jirani.

Jumamosi iliyofuata tukakutana kwa sala. Baada ya Neno, mama mwenyekiti akasema, "Mwalimu, toa taarifa ya mfuko, tuone tunawashikaje wenzetu."

Vijana, nimewahi kusimama mbele ya wanafunzi mia na zaidi bila karatasi. Siku ile nilishindwa kusimama mbele ya watu kumi na wanne kwenye mkeka. Nilitaka kusema mtandao unasumbua. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Sijui nini kilinizuia, nadhani ni yule mtoto wa mwisho wa ile familia, alikuwa amevaa shati la mtoto wa jirani, mikono imezidi. Nikasema ukweli. Nikataja kiasi, nikataja bati.

Kimya. Mzee mmoja akaangalia chini. Halafu mama mwenyekiti, ambaye nilidhani atanifokea, akasema maneno mawili tu: "Mwalimu, ungeomba."

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyosikia mahubiri yoyote. Ningeomba. Jumuiya ile ile ingeweza kunikopesha 200,000 kwa maandishi, au ingeniambia haiwezi, na mimi ningenunua bati 45 na kuezeka vyumba viwili tu. Njia zote hizo zilikuwepo Jumatatu ile saa nne usiku. Nilichagua ile ya gizani kwa sababu sikutaka mtu ajue kwamba hesabu yangu imenishinda.

Watu wa Injili mtaniambia mfano wa mnara unaishia pale kwa kicheko cha wapita njia. Lakini endeleeni mstari wa 31. Mimi nilikuwa naupita haraka kila mwaka kwa sababu sina jeshi. Yesu anaongeza mfano wa pili: mfalme mwenye askari elfu kumi anajiwa na mwenye elfu ishirini. Naye pia anaketi kwanza. Akiona hawezi, anafanya nini? Hafi kishujaa. Haibi askari wa jirani. Anatuma wajumbe yule mwingine akiwa bado yuko mbali, anaomba masharti ya amani.

Akiwa bado yuko mbali! Hilo ndilo lililokosekana kwenye daftari langu. Siku zote nimedhani kuhesabu gharama ni ili ujue una kutosha. Mfano wa pili unamzungumzia aliyehesabu akakuta hana. Hesabu yake haijapotea bure, imempa muda wa kutuma mjumbe. Mjumbe kwa mwenye duka: "Nipunguzie mzigo, nichukue nusu." Mjumbe kwa fundi: "Tusimame hapa, tuendelee baada ya korosho za nyumbani kuuzwa." Mjumbe kwa mchumba: "Nimekwama, na tarehe niliyokuahidi siiwezi." Na mjumbe kwa Mungu, ambaye ndiye wa kwanza kujua salio lako.

Bati zilifika barabara ilipopitika. Kati ya zile 62 nikauza 16 kwa jirani, 30,000 kila moja. Ni 480,000 kamili. Nikazirudisha mbele ya jumuiya nzima, zikahesabiwa, siku hiyohiyo zikaenda kwenye ule ukuta. Uhazini nikauacha mwenyewe kabla sijaachishwa. Nilikwenda kuungama, na malipizi siyasemi, ila Padre alinikumbusha jambo ambalo Katekisimu ya Kanisa Katoliki imeliandika namba 2412: aliyechukua cha mwenzake anawajibika kukirudisha. Kusikitika peke yake hakutoshi. Zakayo pale Yeriko hakuishia kulia juu ya mkuyu. Alishuka, akataja mafungu.

Zile bati 16 nimekuja kuzinunua tena mwaka huu kwa 33,000 moja. Ni 528,000. Kwa hiyo ule "ujanja" wangu wa kukimbia bei umenigharimu hasara ya 48,000 zaidi na mwaka mzima wa sebule isiyo na paa. Hiyo ni gharama ndogo. Ile nyingine, ya watu kumi na wanne kunitazama upya, sijui inahesabiwa kwa shilingi gani.

Agosti mwaka jana niliwapeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani. Kutoka Masoko ni kipande kifupi cha bahari tu, unavuka kwa mashua. Magofu yale pamoja na ya Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981, na watoto wetu wengi wanayaona kwa mbali miaka yote bila kuvuka. Tukafika Husuni Kubwa, juu ya mwamba unaotazama bahari. Lilikuwa jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, enzi ambazo dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa watu wa Kilwa. Mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba zaidi ya mia, bwawa la kuogelea la pembe nane. Na Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyefukua magofu yale miaka ya 1960, aliona kwamba jumba lile halikumalizwa.

Nilipowaambia wanafunzi hivyo, mmoja akanigeukia: "Kumbe na sultani naye lilimshinda, mwalimu!" Darasa zima likaangua kicheko, wanajua walichokuwa wanacheka. Nikacheka nao, na mara hii sikulala na hasira.

Lakini kuna jambo jingine kuhusu sultani huyo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta akitawala. Alichokikazia juu yake ni mkono wake wa kutoa. Anasimulia kwamba maskini mmoja alimsimamisha sultani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo zile alizovaa. Sultani akaenda kuzivua, akampa. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Hakuwa Mkristo, na wala simfanyi mtakatifu. Nasema tu kwamba nilisimama kwenye nyumba yake isiyokwisha nikiwa najua jina lake kwa ajili ya nguo alizotoa.

Mstari wa mwisho wa Injili ile, wa 33, Yesu anafunga kwa namna ambayo mhasibu hawezi kuipenda: asiyeaga vyote alivyo navyo hawezi kuwa mfuasi wake. Nilizoea kuona kama mstari huo umekosea njia. Tulikuwa tunazungumza mnara, hesabu, majeshi, ghafla "acha vyote"? Sasa naona ndio jumla ya hesabu yenyewe. Gharama ya kumfuata Yeye ina bei ya leo na ya kesho. Bei uliyoambiwa siku ya Kipaimara, ukiwa na miaka 14 na shati jeupe, siyo utakayodaiwa ukiwa na miaka 31, na simu ya fedha za watu mkononi, saa nne usiku. Inapanda. Na hakuna stoo ya kununua uaminifu mapema ukauweka.

Frassati hakujenga nyumba. Baba yake alikuwa mwenye gazeti la La Stampa pale Torino, fedha zilikuwepo, na yeye alikuwa anasomea uhandisi wa migodi. Fedha zake zilikuwa zinaishia mifukoni mwa watu aliowatembelea vichochoroni. Alikufa Julai 1925, miaka 24 tu, na siku ya mazishi wazazi wake walishangaa kuona barabara zimejaa maskini ambao wao hawakuwafahamu. Sisemi msijenge. Mchumba wangu angenisuta. Wazazi wetu wazeeke wapi, watoto wetu walale wapi? Jengeni. Ila kwenye ule ukurasa wenye saruji na nondo, acheni mstari mmoja kwa ajili ya mtu ambaye ukuta wake utaanguka wakati wa kwenu bado haujapigwa plasta. Mimi nimeanza kuuandika. Ni 10,000 kwa mwezi, haistahili hata kutajwa, na mwezi wa saba niliuruka.

Nilimwambia mchumba wangu kila kitu mwaka jana, mwezi ule ule wa Mei, kwa simu, kwa sababu ana kwa ana nisingeweza. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akaniuliza: "Hizo bati ulikuwa unamnunulia nani?" Nikasema, wewe. Akasema, "Mimi sikuwahi kuomba bati. Niliomba tarehe." Miaka mitatu nilikuwa nimemwahidi ndoa baada ya kupaua, halafu nilishaanza kufikiria baada ya plasta, na najua mngenikuta bado nasubiri vigae. Sakramenti nilikuwa nimeifunga kwenye bei ya bati. Yeye aliliona hilo mapema kuliko mimi, ila alikuwa anangoja nitume mjumbe.

Matangazo yetu ya ndoa yataanza kusomwa Jumapili ya tarehe 2 Novemba, na Mungu akipenda tutafunga ndoa mwezi huohuo kabla Majilio hayajaingia. Sherehe itakuwa ya pilau na jumuiya, kwenye uwanja wa parokia. Vyumba viwili vina paa, plasta na mlango. Sebule ina paa tangu Julai, sakafu bado ni kifusi. Jikoni tutapikia nje kwa muda.

Jumamosi hii mzee wangu wa Kivinje anakuja kupima dirisha la sebule. Bei ameshanipigia simu kunitajia, nimeiandika na tarehe yake pembeni. Mtuombee.